Kawia ufike: familia baharini bahari inapochafuka

Asubuhi ya Februari 14, 1957, mashua ya tanga iitwayo Tzu Hang ilikuwa kusini ya mbali ya Bahari ya Pasifiki, ikitokea Melbourne, Australia, kuelekea Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya bara la Amerika. Kilikuwa chombo cha milingoti miwili chenye urefu wa mita 14. Ndani walikuwemo watu watatu na paka mmoja: Miles Smeeton, brigedia mstaafu aliyetumikia jeshi la India enzi za Waingereza, mkewe Beryl, na rafiki yao John Guzzwell, kijana seremala. Matanga yote yalikuwa yameshushwa. Tezini walikuwa wamefunga kamba nene yenye urefu wa zaidi ya mita 100, ikiburuzwa majini ili kupunguza kasi na kukiweka chombo sawa, mawimbi yakikijia kwa nyuma. Beryl ndiye aliyeshika usukani.

Likaja wimbi lililosimama wima, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Tezi ikanyanyuka, omo ikazama, chombo kikapinduka juu chini. Kamba ya usalama aliyojifunga Beryl ikakatika, akajikuta baharini. Alipoibuka aliiona mashua imelala chini majini, haina mlingoti hata mmoja. Mlingoti mdogo uliovunjika ulikuwa bado unaburutwa ubavuni kwa kamba zake, naye akaogelea mpaka akaushika. Miles na John wakatoka ndani wakamvuta. Bega lake lilikuwa limeumia na damu ilimtoka kichwani.

Hali ya chombo ilitisha. Usukani ulikuwa umekwenda na maji. Kibanda cha mbao kilichokuwa juu ya sitaha kilikuwa kimeng'olewa chote, kikaacha tundu la karibu mita mbili kila upande, na kila wimbi lililopita juu lilimwagikia humo. Ndani maji yaliwafika kiunoni, na juu yake vilielea vitabu, magodoro, nguo na makopo ya chakula. Miles aliona mwisho wao umefika. Beryl, mkono mmoja haufanyi kazi, akaenda kutafuta ndoo.

Walichota maji kwa ndoo saa baada ya saa. John akaliziba lile tundu kwa vipande vya mbao na turubai, akipiga misumari huku mawimbi yakimpitia mgongoni. Walipoushinda ule mfuriko, akaanza kuunda milingoti ya muda kwa mbao zilizomo chomboni, na kasia refu la kuongozea badala ya usukani. Machi 22, wiki tano baadaye, Tzu Hang iliingia bandari ya Coronel, Chile. Hakuna meli iliyowaokoa, wala redio waliyoitia msaada. Walifika kwa tanga lao wenyewe, na paka wao yu hai.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ujasiri umo tele. Lakini mimi kinachonishika kila nikisomapo ni ndoo. Ndoo zilikuwemo. Misumari ilikuwemo, nyundo na misumeno ilikuwemo, turubai lilikuwemo, mbao zilikuwemo, na alikuwemo mtu ajuaye kuzitumia. Vyote hivyo viliingia chomboni siku bahari ilipokuwa shwari na nanga iko chini. Hiyo ndiyo hoja yangu katika makala hii, na naiandika kwa kuwa sisi wa pwani tungali tunavuka bahari na watoto wetu: dhoruba hushindwa bandarini. Likishafika wimbi, kilichobaki ni kutumia ulichokipakia.

Safari ya kumfuata mwana

Miles na Beryl walinunua Tzu Hang mwanzoni mwa miaka ya 1950, nao wakati huo hawakuwa mabaharia. Walijifunza kazi wakiwa njiani. Walitoka Uingereza kwenda British Columbia, magharibi ya Kanada, pamoja na binti yao Clio, aliyekuwa na miaka kama 11. Mtoto yule alikua ndani ya chombo kile. Mwaka 1956 familia ikiwa Australia, Clio alikwenda Uingereza kwa masomo, na wazazi wake wakaamua kumfuata kwa tanga kupitia Rasi ya Horn. Kwa hiyo safari ile iliyokaribia kuwaua ilikuwa, kwa asili yake, safari ya baba na mama kwenda kumwona mwanao.

Familia zinazovuka bahari kuu kwa tanga zipo nyingi hadi leo. Baadhi hupita Bahari ya Hindi na kutia nanga Kilifi na Zanzibar kupumzika kabla ya kuendelea kusini. Ukiangalia wanavyoishi, utagundua kwamba maandalizi yao mengi dhidi ya dhoruba ni mambo madogo ya nyumbani. Chakula cha siku mbili tatu za mwanzo hupikwa bandarini, kwa sababu tumbo halijazoea mrama na hakuna atakayeweza kusimama jikoni. Dawa ya kichefuchefu hunywewa kabla ya kung'oa nanga, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Ubavuni mwa kila kitanda hufungwa kitambaa kigumu ili anayelala asitupwe sakafuni chombo kinapolala upande. Kila kitu kizito hufungwa: betri, jiko, sanduku la zana, hata vifuniko vya sakafu. Chombo kikipinduka, kopo la maharage linaweza kumpasua mtoto kichwa.

Kisha kuna sheria zisizobadilika kwa mashauri. Mtoto hapandi sitahani bila jaketi la kuokolea maisha na mkanda wa usalama ulionasa kwenye chombo, hata kama bahari imetulia mpaka jahazi linajiona kivuli. Sheria inayofuatwa hata siku za shwari ndiyo itakayokumbukwa usiku wa tufani. Na kila mtoto ana kazi yake. Wa miaka sita anaweza kushika tochi, au kuhesabu dakika kabla ya zamu ya mama kwisha. Wa miaka 12 anaweza kusoma dira na kuandika kwenye daftari la safari. Hofu humwandama zaidi mtu asiye na kazi, na mtoto aliyepewa kazi anajua kuwa wakubwa wanamtegemea.

Jambo ambalo wengi hulidharau ni usingizi. Dhoruba ya baharini haiji kwa saa moja ikaondoka. Inaweza kudumu siku mbili au tatu, na nahodha aliyekesha siku mbili huanza kukosea hesabu, husahau kufunga mlango, huona taa zisizokuwepo. Familia yenye watu wazima wawili tu lazima ipange zamu tangu siku ya kwanza, kila mmoja alale hata kama hajisikii kulala. Nguvu hiyo nayo huwekwa akiba mapema.

Upepo ukiongezeka mara mbili

Kwa nini kujiandaa mapema kunashinda kupambana baadaye? Jibu la kwanza liko katika upepo wenyewe. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya tanga huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 35 kwa saa ni mzuri wa safari; ukifika 70, tanga lilelile linabeba mzigo mara nne, na mikono ileile ndiyo inayotakiwa kulishusha. Ndiyo maana mabaharia duniani kote wana kanuni moja: ukishajiuliza kama wakati wa kupunguza tanga umefika, basi umefika. Anayengoja dakika kumi zaidi atalazimika kumpeleka mtu mlingotini wakati sitaha imekwisha kuoshwa na maji.

Jibu la pili liko katika mawimbi. Kimo cha wimbi hutegemea kasi ya upepo, muda ambao umevuma, na umbali wa maji wazi ambao umeupitia. Huko kusini kwa Rasi ya Horn hakuna nchi kavu ya kuuzuia upepo. Bahari inaizunguka dunia nzima, na mawimbi yanakua wiki nzima bila kukutana na pwani. Lakini wimbi refu lenye mteremko mpole haliui chombo. Hukinyanyua na kukishusha. Linaloua ni lile linalovunjika, maji ya juu yakiyapita ya chini na kuporomoka. Majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Southampton miaka ya 1980 yalionyesha kwamba wimbi linalovunjika lenye kimo cha asilimia 30 ya urefu wa mashua, likiipiga ubavuni, linaweza kuilaza kabisa. Likifika asilimia 60, linaweza kuigeuza juu chini. Kwa mashua ya mita 10, hiyo ni mita tatu na mita sita. Mita tatu si wimbi la ajabu katika bahari kuu.

Na wimbi huvunjika upesi zaidi pale upepo unapokabiliana na mkondo. Mfano mkubwa uko kusini mwa bara letu. Mkondo wa Agulhas unashuka kwa kasi kufuata pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, na upepo wa kusini-magharibi unapoukabili, mawimbi husimama na kukaribiana mpaka yamevunja hata meli kubwa za mizigo. Familia zinazotoka Réunion kwenda Durban au Richards Bay hufundishwa jambo moja kuliko yote: upepo huo ukitabiriwa, utoke kwenye mkondo. Karibu na pwani, penye kina kidogo, au mbali kabisa nje. Popote, ila si katikati ya mto ule wa bahari.

Pwani yetu ina kisa kama hicho kwa kipimo kidogo. Mkondo wa pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi huvuma kuufuata. Kaskazi huja kuukabili. Wanaovuka Mlango wa Pemba wanajua kuwa kuna siku za kaskazi upepo si mkali kiasi hicho, lakini maji yamekuwa mafupi na yenye ncha, na chombo kinapigwa bila kupumzika. Wala hapo hawahitaji mtaalamu kuwaambia sababu.

Walirudi, wakapigwa tena

Baada ya Tzu Hang kutengenezwa katika kituo cha jeshi la majini cha Talcahuano, John alirudi kwenye mashua yake ndogo, Trekka, ambayo kwayo alikuwa akiizunguka dunia peke yake. Aliimaliza safari hiyo mwaka 1959. Miles na Beryl wakaondoka tena Desemba 1957, wawili tu. Safari hii dhoruba ilipowakuta walifanya kinyume cha mara ya kwanza: hawakukimbia na upepo. Walishusha matanga, wakaufunga usukani, wakakiacha chombo kijiendee na mawimbi. Desemba 26, wimbi likakipiga na kukizungusha. Milingoti ikaondoka tena. Wakaunda mingine ya muda, wakaelekea kaskazini mpaka Valparaíso.

Mabaharia wamebishana miaka mingi juu ya visa hivi viwili. Je, ni heri kukimbia na upepo, au kusimama? Jibu la kweli ni kwamba hakuna mbinu moja inayofaa kila chombo na kila bahari. Wengine hukielekeza chombo kidogo upande wa joshi kwa kipande kidogo cha tanga, kikatulia karibu mahali pamoja na kuacha nyuma yake maji yaliyolainika. Wengine huburuza kitu tezini. Mhandisi wa ndege wa Marekani, Donald Jordan, baada ya maafa ya mwaka 1979 nitakayoyaeleza, alibuni kamba ndefu yenye vikoni vidogo vya kitambaa zaidi ya 100 vilivyofungwa kwa mstari, na uzito mwishoni. Chombo kikisukumwa na wimbi, baadhi ya vikoni huwa tayari vimezama na kushika maji, kwa hiyo kamba hukaza taratibu bila kustua, na tezi hubaki imelielekea wimbi. Walinzi wa Pwani wa Marekani waliifanyia majaribio na kutoa ripoti mwaka 1987. Leo familia nyingi za baharini haziondoki bila kamba hiyo, na huketi bandarini zikijifunza namna ya kuitoa gizani.

Somo la Miles na Beryl kwangu liko kwingine. Baada ya kupigwa mara mbili, hawakulazimisha. Waliandika habari zao, wakaitengeneza mashua, wakasafiri bahari nyingine kwa miaka. Mwaka 1968, chombo kilekile, wakiwa na baharia kijana Bob Nance, kiliizunguka Rasi ya Horn, tena kwa upande ulio mgumu zaidi, kutoka mashariki kwenda magharibi. Walingoja miaka 11. Wahenga wetu waliliweka jambo hili kwa maneno mawili: kawia ufike.

Usikikimbie chombo kinachoelea

Agosti 1979, mashua 303 zilianza mashindano ya Fastnet, kutoka kusini ya Uingereza kwenda kuzunguka mwamba wenye mnara wa taa kusini mwa Ireland, na kurudi. Dhoruba ilizikuta katikati ya njia. Washindani 15 walipoteza maisha. Mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake. Kati ya hizo, ni tano tu zilizozama. Nyingine zote zilikutwa baadaye zikielea. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo waliokuwa wamehamia kwenye maboya ya kujaza hewa, nayo maboya yakapinduka au yakapasuka, ilhali mashua waliyoikimbia iliendelea kuelea.

Kilichotokea kinaeleweka. Ndani ya chombo kilichopinduka mara moja kuna giza, maji na vitu vinavyoruka, na moyo unamwambia mtu atoke. Hata hivyo chombo kina kuta, kina chakula, kina maji ya kunywa, nacho huonekana na ndege ya uokoaji kwa urahisi kuliko boya dogo. Tangu mwaka ule mabaharia hufundishwa kwamba boya huingiwa kwa kupanda juu: uingie pale tu chombo kimeshuka chini yako na hakina budi kuzama.

Juni 1994 somo hilo lilirudiwa kati ya New Zealand na Tonga. Mashua nyingi, baadhi za familia, zilikuwa zimeondoka New Zealand kuikimbia baridi na kwenda visiwa vya joto. Mgandamizo mdogo wa hewa ukakua ghafla njiani mwao, kuliko ilivyotarajiwa walipoondoka. Jeshi la anga la New Zealand na meli zilizokuwa karibu, zikiwemo za mizigo na za uvuvi, ziliwaokoa watu 21 kutoka mashua saba. Mashua moja, Quartermaster, ilipotea na watu wake watatu. Na tena, baadhi ya mashua zilizoachwa zilikutwa zikielea.

Nataka msomaji aone mambo mawili hapo. La kwanza, wale 21 walipatikana kwa sababu walikuwa na redio na vifaa vya kutuma ishara ya hatari kupitia setilaiti, walivyovinunua kabla ya safari. Mfumo wa kimataifa wa setilaiti uitwao Cospas-Sarsat umekuwa ukiokoa watu tangu mwaka 1982, na kwa upande wetu kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006. La pili, hata anayeondoka msimu unaofaa anaweza kukutwa na dhoruba. Kungoja kunapunguza hatari; hakuiondoi. Ndiyo maana kungoja na kujiandaa haviachani.

Kusi, kaskazi na maarifa tuliyorithi

Watu wa pwani hii hawakuhitaji kufundishwa kungoja. Uchumi mzima wa majahazi ulijengwa juu yake. Vyombo vilikuja kwetu na kaskazi kuanzia Desemba, vikauza na kununua, kisha vikarudi na kusi. Na hata kusi haikupandiwa ovyo. Nahodha aliyetaka kurudi Arabuni alijitahidi kuondoka Aprili, kusi inapoanza, au kungoja mpaka Agosti na Septemba, nguvu zake zinapopungua. Juni na Julai, kusi ikiwa katika ukali wake, majahazi makubwa yalikuwa yamepandishwa pwani, yanapigwa kalfati na kupakwa mafuta ya sifa. Hakuna aliyewaita waoga manahodha wa miezi hiyo.

Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika maarifa hayo mwaka 1938 na 1939. Alipanda jahazi la Kikuwait la nahodha Ali bin Nasr el-Nejdi, lililopitia Hadhramaut kupakia abiria zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwemo, likashuka na kaskazi mpaka Mogadishu, Lamu, Mombasa na Zanzibar, kisha likaingia Rufiji kuchukua boriti. Abiria walijazana sitahani, na hapakuwa na jaketi wala redio. Ulinzi wao mkubwa ulikuwa tarehe ya kuondoka.

Watu husema pwani yetu haina vimbunga. Ni kweli kwamba ni nadra, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Lakini Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikaangamiza sehemu kubwa ya meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kingine kiliifikia Lindi. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikaingia kupitia Mafia. Mara hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza siku kadhaa mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Abiria walilazimika kungoja. Huo ulikuwa ushindi, ingawa haukupigiwa ngoma, kwa sababu habari ya msiba usiotokea haichapwi ukurasa wa mbele.

Tunajua pia msiba uliotokea. Julai 18, 2012, kusi ikiwa katika ukali wake, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Miongoni mwa waliofariki walikuwemo akina mama na watoto. Boti ile ilikuwa imeundwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha watu katika maji yaliyokingwa na nchi kavu huko jimbo la Washington, Marekani. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kila chombo kimeundwa kwa maji yake. Kile kilichoundwa kwa ghuba iliyotulia hakigeuki cha bahari wazi kwa kubadilishiwa bendera, na makosa ya namna hiyo hayawezi kusahihishwa na nahodha hodari katikati ya mlango wa bahari. Yanasahihishwa mezani kwa mkaguzi, kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi.

Tunachoweza kufanya sisi abiria

Wengi wetu hatutaizunguka Rasi ya Horn. Tutavuka kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, kutoka Kigombe au Tanga kwenda Pemba, kutoka Mafia kwenda Nyamisati, kutoka Lamu kwenda Kizingitini. Hatari ya safari hizo fupi ni kwamba tumezizoea. Kwa hiyo tuanze na tabia ndogo.

Sikiliza taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo. Ikitajwa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, ujue mita mbili kwa mashua ya mita saba ni karibu asilimia 30 ya urefu wake; hesabu ya Southampton inakuhusu na wewe. Uliza jaketi za watoto ziko wapi kabla ya kupanda. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto wa miaka mitatu. Atachomoka na kuteremka chini yake. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa. Wenye vyombo nao wana wajibu wao: pampu ya ngama inayofanya kazi, ndoo mbili zilizofungwa kamba, tanga la akiba hata kama kuna mashine, simu iliyofungwa vizuri isilowe. Mashine ikizimika katikati ya Nungwi na Pemba, chombo hulala ubavu kwa mawimbi, na hapo ndipo hatari yote niliyoieleza inapoanza.

Zaidi ya yote, tumpe nahodha nafasi ya kukataa. Ninavyoona mimi, shinikizo kubwa mno hutoka kwetu abiria. Kuna harusi Chake Chake, kuna maziko, kuna mzigo wa samaki utakaoharibika, kuna Idi kesho. Nahodha anaiangalia bahari, anaona povu nje ya mwamba, anajua. Kisha watu 20 wanamwambia mbona jana fulani alivuka. Mtu huyo anahitaji moyo mkubwa kusema hapana kuliko kusema twendeni, na mara nyingi yuko peke yake.

Basi tusimwache peke yake. Akisema leo hatuendi, awepo mzee mmoja au mama mmoja wa kusema kwa sauti kwamba nahodha amesema kweli. Arejeshewe nauli anayeitaka. Harusi isogezwe, mzigo ulale ghalani, na watoto wavuke kesho.